Huduma za bure mtandaoni: jinsi ya kujua unalipa nini, na nani mwingine unamlipisha

Kuna siku nilishika simu ya jamaa yangu nikaandika namba yangu mwenyewe, utani tu, kwenye ile apu yake inayokuonyesha jina la anayepiga hata kama hujamsevu. Likatokea "Fundi Wa Deni". Aisee nilikaa kimya kidogo. Hiyo apu mimi sijawahi kuiweka kwenye simu yangu, sijabonyeza "nakubali" popote, ila kuna mtu alinisevu hivyo, akaiweka yeye, akairuhusu isome namba zake zote, na kuanzia hapo yeyote mwenye hiyo apu ananijua kwa jina hilo. (Deni lenyewe nilishalilipa, ila apu haina habari.)

Ndo maana mtu akiniambia "mi sina cha kuficha, wachukue tu", huwa namuuliza: na wale watu mia nne waliomo kwenye simu yako, nao hawana? Uliwauliza lini?

Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida anayetumia ramani, imeili, mitandao ya kijamii na apu za bure kama kila mtu. Sikuambii ufute kila kitu uhamie porini. Nataka ujue jinsi ya kupima, huduma moja baada ya nyingine, unatoa nini, unapata nini, na mzigo unamwangukia nani.

Kwanza, bure inalipwaje

Wahenga walisema rahisi ghali, na hii ya mtandaoni imezidi rahisi, haina bei kabisa. Mwaka 2023 Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, waliingiza dola bilioni 134.9 na karibu 98% ya hela hiyo ni matangazo. Wewe hukutoa senti. Waliotoa ni watangazaji, na walilipia nafasi ya kufika kwa watu wa aina yako.

Inafanyika hivi. Ukifungua ukurasa wenye matangazo, kabla hata haujamaliza kufunguka kuna mnada unapigwa nyuma ya pazia. Taarifa zako zinarushwa kwa kampuni kibao kwa mpigo: aina ya simu, takriban uko wapi, unasoma nini, na namba ya utambulisho wa matangazo iliyomo kwenye simu yako. Kila mmoja anataja bei, anayezidi wenzake ndo anaweka tangazo. Sasa hapa ndo watu hawajui: walioshindwa mnada nao wameshaziona zile taarifa. Hawakulipa kitu na wanaweza kubaki nazo.

Vidakuzi, wengine mnaviita kuki, yaani vifaili vidogo ambavyo tovuti inaviacha kwenye kivinjari chako, vilibuniwa 1994 na Lou Montulli alipokuwa Netscape, kampuni ya kivinjari cha enzi hizo, na lengo lilikuwa dogo tu, tovuti ikukumbuke kidogo, mfano kile ulichoweka kwenye kapu la manunuzi kisipotee. Kukufuata kutoka tovuti moja hadi nyingine kulikuja baada ya kampuni za matangazo kugundua kwamba kidakuzi hichohicho kikikaa kwenye tovuti elfu kinaona mizunguko yako yote.

Haya, tuingie kazini.

Hatua ya 1: andika orodha

Chukua karatasi, usitumie apu ya bure ya kuandikia, itakuwa kichekesho. Andika kila huduma ya bure uliyotumia wiki hii. Mbele ya kila moja andika vitu vitatu: inachukua nini, mi napata nini, na nikiikosa kesho ntafanyaje. Hilo la tatu ndo linaamua. Huduma ambayo ukiikosa unapata nyingine kwa dakika tano, hiyo una nguvu ya kuibania. Ile ambayo grupu la familia, kazi na shule ya watoto viko humo humo, hapo hata ukisoma masharti yote huna ubavu wa kukataa, na kubonyeza "nakubali" ukiwa huna mlango mwingine mi siiti kukubali.

Hatua ya 2: omba faili lako mwenyewe

Hii ndo hatua iliyonifungua macho, kwa hiyo usiiruke. Kampuni kubwa zina sehemu ya kupakua sehemu kubwa ya walichonacho juu yako. Google wanaita Takeout, ipo tangu 2011. Facebook nao wanayo, tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kupakua taarifa zako. Unaomba, unasubiri masaa au siku, linakuja faili.

Langu la kwanza, kutoka kampuni moja ambayo sitaitaja, lilikuwa na mafolda hadi nikachoka. Kulikuwa na sauti yangu nikiiuliza simu hali ya hewa, sauti ya usingizi kabisa. Kulikuwa na orodha ya sehemu nilizopita, na muda. Ila kilichonikaza ni orodha ya "mambo unayopenda" ambayo matangazo yanachaguliwa kwayo. Nimeandikwa mzazi wa mtoto mchanga. Sina mtoto. Nikakumbuka kuna usiku dada aliniita mwanae ana homa, yeye kambeba mtoto, mimi ndo nikawa natafuta dawa na vipimo vya joto kwenye simu yangu, kama dakika arobaini hivi. Dakika arobaini tu, nikaletewa matangazo ya pampasi miezi miwili.

Pampasi ni za kuchekesha. Lakini mashine hiyohiyo inayokosea kwenye pampasi ndo inayoamua nani aone tangazo la kazi au la nyumba. Mwaka 2019 wizara ya nyumba ya Marekani iliishtaki Facebook kwa kuruhusu matangazo ya nyumba yachague nani aone na nani asione kwa misingi kama rangi, na 2022 kampuni ikakubali makubaliano na wizara ya sheria, ikaacha kutumia kifaa kimoja cha kulenga watu kwenye matangazo hayo. Ubaya wa ubaguzi wa namna hii ni kwamba aliyebaguliwa hajui. Tangazo hukuliona, utalalamikia nini?

Kwenye faili lako tafuta mambo matatu: orodha ya matangazo na unachodhaniwa kupenda, historia ya mahali, na orodha ya kampuni zilizotuma taarifa zako. Ya tatu huwa inashtua. Facebook wana ukurasa wa shughuli zako nje ya mitandao yao, na humo unakuta majina ya tovuti na apu ulizotumia ukidhani hazihusiani kabisa. Futa, halafu kata muunganisho wa mbele. Kwa Google weka historia ijifute yenyewe, kuna miezi 3, 18 na 36. Weka 3.

Hatua ya 3: ruhusa za simu

Mwaka 2013 shirika la biashara la serikali ya Marekani, FTC, liliibana apu ya tochi. Tochi jamani! Ilikuwa na watumiaji mamilioni, inawasha taa ya simu, na huku inapeleka mahali ulipo na namba ya kifaa chako kwa mitandao ya matangazo. Na ulikuwepo mlango wa kukataa, ila hata kabla hujabonyeza chochote data ilikuwa imeshaanza kutoka.

Fungua mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya faragha, halafu ya kusimamia ruhusa. Usiende apu kwa apu, utachoka. Nenda ruhusa kwa ruhusa: fungua "mahali" uone nani wote wanaijua, kisha maikrofoni, kamera, namba za watu, meseji. Kwa kila moja jiulize kazi niliyoiwekea hii apu inahitaji hiki kitu? Ramani kujua nilipo, sawa, tena ukiwa unaitumia tu. Kikokotoo kujua nilipo, hapana. Mchezo wa karata kusoma namba zangu, kwa lipi?

Kuhusu mahali, simu nyingi za sasa zinakuruhusu kutoa eneo la kukadiria badala ya nukta kamili. Apu ya hali ya hewa haihitaji kujua uko chumba gani.

Hatua ya 4: watu wengine waliomo kwenye simu yako

Hapa nakaa kidogo maana miongozo mingi inaipita mbio. Tumezoea kuiongelea faragha kama mali binafsi, yangu mimi, naigawa nikitaka. Data nyingi za maana haziko hivyo. Namba ya shangazi ni ya shangazi. Picha ya sherehe ina sura ishirini. Ukiruhusu, umewaruhusia wote.

Ile kesi ya Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni za siasa iliyopata data za watumiaji wa Facebook kupitia apu ya maswali ya tabia, iliyolipuka 2018, ni mfano mzuri wa hesabu. Walioweka apu hiyo walikuwa kama 270,000. Waliochukuliwa data, kwa hesabu ya Facebook wenyewe, walifika hadi milioni 87. Yaani kila mmoja aliyekubali aliwabeba marafiki zaidi ya mia tatu, na wale marafiki hawakuulizwa. FTC iliwapiga Facebook faini ya dola bilioni 5 mwaka uliofuata, lakini faini haikurudisha data kwa mtu yeyote.

Na kuna apu za mikopo ya simu. Mtu ana shida leo, apu inamwambia nipe namba zako zote nikupe hela, atakataa vipi? Akichelewa kulipa, bosi wake na mama mkwe wanaanza kupokea meseji. Google walipiga marufuku apu za mikopo binafsi kwenye duka lao kugusa namba na picha za mtu kuanzia mwisho wa Mei 2023, lakini apu inayoshushwa nje ya duka haipiti kwenye sheria hiyo. Hapo unaona kabisa bei ya bure haiwi sawa kwa wote: mwenye akiba anakataa ruhusa, mwenye shida anatoa ukoo mzima.

Cha kufanya: ruhusa ya namba za watu, ukiondoa apu yako ya kupiga simu na ile ya meseji unayoitegemea kweli, kataa kote. Apu ikigoma kufunguka bila namba, hapo imeshakwambia biashara yake ni ipi. Ukipakia picha ya grupu, usitegi majina ya watu. Na picha za watoto wa wenzio, uliza kwanza, ni meseji moja tu.

Hatua ya 5: punguza kufuatwa

Hapa nakimbia kidogo maana ni kubonyeza tu. Kwenye Android fungua mipangilio ya matangazo ufute kitambulisho cha matangazo, toleo la 12 na kuendelea lina hiyo. Kwenye iPhone, tangu Aprili 2021 apu lazima iombe kabla ya kukufuatilia, wewe zima hata kuomba kwenyewe. Kwenye kompyuta tumia kivinjari kinachozuia vidakuzi vya watu wa tatu, yaani vya kampuni nyingine zisizo na ile tovuti uliyofungua, Safari vinazuiwa vyote tangu 2020 na Firefox ina kinga yake, na kwenye Firefox ongeza uBlock Origin, kiongezi cha kuzuia matangazo na wafuatiliaji. Lile dirisha la vidakuzi likitokea bonyeza "kataa vyote", hata kama wamelificha kwenye maandishi ya kijivu chini kabisa, na huwa wanalificha.

Usidhani umepotea kabisa machoni mwao. EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za watu mtandaoni, lilipopima vivinjari mwaka 2010, 83.6% ya vilivyopimwa vilikuwa na alama za kipekee, yaani ukichanganya fonti, ukubwa wa skrini, lugha na vitu kama hivyo unatambulika bila kidakuzi hata kimoja.

Hatua ya 6: wakikwambia "lipia au tukufuatilie"

Novemba 2023 Meta walianzisha Ulaya mpango wa kulipa euro 9.99 kwa mwezi kwenye kompyuta, au 12.99 kwenye simu, usionyeshwe matangazo, la sivyo ukubali kufuatiliwa. Aprili 2025 Tume ya Ulaya ikawatoza faini ya euro milioni 200 ikisema mtu hakupewa chaguo la kweli.

Kuna wanaosema ni haki tu, huduma ina gharama, lipa au toa data. Naielewa hoja, seva haziendeshwi kwa upepo. Ila faragha ikishakuwa kitu cha kununua, wa kwanza kuikosa anajulikana. Na kulipa nako si dhamana: kuna apu nyingi za kulipia zinazokusanya data vilevile. Kwa hiyo kabla ya kulipa soma kitu kimoja tu, nikilipa mnaacha kukusanya au mnaacha kunionyesha matangazo? Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na wengi wanauza la pili huku wewe ukidhani umenunua la kwanza.

Tahadhari moja kubwa, usikimbilie VPN ya bure (apu inayopitisha mtandao wako kwenye seva za kampuni nyingine) au kinga ya virusi ya bure. Mwenye VPN anaona tovuti unazokwenda. Avast, watengenezaji wa kinga ya virusi, FTC iliwatoza dola milioni 16.5 mwaka 2024 kwa kuuza historia ya kuperuzi ya watu waliowaambia wanawalinda. Hapo ndo kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya 7: pale ambapo kujificha kunaumiza

Watu wa faragha tukisikia hii huwa tunanuna, ila ni kweli. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kampuni kubwa inayotambua jinsia kwa sura. Kwa wanaume weupe makosa yaliishia 0.8%. Kwa wanawake weusi yalifika 34.7%. Sababu moja kubwa ni picha za kufundishia, nyuso za watu weusi zilikuwa chache. Mfumo usiokujua haukuachi kwa amani, unakuhukumu kwa kubahatisha.

Na kuna fumbo lingine. Ili ujue kama huduma inabagua wanawake, lazima ujue nani kati ya watumiaji ni mwanamke. Kampuni ikisema "sisi hatukusanyi jinsia wala kabila kwa kulinda faragha", inaweza kuwa wema, na inaweza kuwa njia nzuri ya kutokaguliwa. Mwaka 2013 profesa Latanya Sweeney wa Harvard alionyesha kwamba ukitafuta majina yanayotumiwa zaidi na Wamarekani weusi unaletewa zaidi matangazo yanayodokeza mtu aliwahi kukamatwa. Asingekuwa na namna ya kutenganisha majina asingeweza kuonyesha chochote.

Hata dawa yenyewe ina madhara. Kuna mbinu ya kuchanganya namba za uongo kidogo kwenye data ili mtu mmoja asijulikane, ilipata msingi wake wa kihesabu 2006 kwa Cynthia Dwork na wenzake, na sensa ya Marekani ya 2020 iliitumia. Kwenye kundi la watu milioni yale makosa hayaonekani. Kwenye kundi la watu arobaini yanaweza kuvuruga picha nzima. Yaani wachache ndo wanaohitaji ulinzi zaidi na ndo wanaopoteza usahihi zaidi.

Sasa utoe au usitoe? Mi natumia maswali haya: data inaenda kwenye kazi gani mahsusi, nani mwingine ataigusa, itakaa muda gani, na nikijuta naweza kuitoa? Mradi kama Common Voice wa Mozilla, wenye Firefox, ulioanza 2017, unaomba sauti za watu na kuziweka wazi kwa yeyote, Kiswahili kikiwemo. Pale naona faida inarudi kwa wasemaji wa lugha, nimeshasoma sentensi zangu kadhaa. Ila sauti ikishatoka wazi haiwezi kurudishwa yote, kwa hiyo toa ukijua hilo.

Na wakikwambia "usijali, tumeondoa majina", jali. Agosti 2006 AOL, kampuni ya mtandao ya Marekani, walitoa hadharani utafutaji wa watu kama 650,000, majina yakiwa yamebadilishwa namba. Ndani ya siku chache waandishi wa habari walimfikia mama mmoja mlangoni kwake, kwa kusoma tu alichokuwa anatafuta. Sweeney huyohuyo alishakadiria kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta vinatosha kumtofautisha Mmarekani 87 kati ya 100.

Hatua ya 8: andika barua

Nchi nyingi sasa zina sheria ya ulinzi wa data. Ya Ulaya, GDPR, ilianza kutumika 25 Mei 2018 na inawapa kampuni mwezi mmoja kujibu ukiomba taarifa zako, ingawa wanaweza kuongeza muda. Angalia ya kwenu inasemaje, kisha tuma imeili fupi, usiandike hasira:

"Habari. Naomba, kwa mujibu wa sheria ya ulinzi wa data, mnipe nakala ya taarifa zangu zote mlizonazo, mlikozipata, mliowapa, na muda mtakaokaa nazo. Kama kuna uamuzi wowote uliofanywa na mashine kunihusu, naomba maelezo ya jinsi ulivyofikiwa na mtu wa kuupitia upya. Namba au akaunti yangu ni hii hapa. Zile ambazo hamzihitaji naomba mzifute na mnijulishe mkishafuta."

Weka tarehe, hifadhi skrinshoti. Wakikuomba picha ya kitambulisho uliza kama kuna njia nyingine ya kuthibitisha, si umewaandikia kupunguza data, unawaongezea tena. Wakikaa kimya peleka kwa mamlaka ya data ya nchi yako na hiyo imeili kama ushahidi. Majibu mengine huja ya kukopi na kubandika, wewe jibu tena ukitaja swali ambalo hawajalijibu.

Mimi nilianza na ile apu ya majina. Ina fomu ya kuondoa namba, nikajaza, baada ya siku mbili jamaa yangu akanitafuta humo nikawa sipo. Wiki iliyopita mtu mwingine kanionyesha apu nyingine ya aina hiyohiyo. Huko naitwa "Fundi Usipokee". Fomu yao nimejaza jana.